Nyumba Moja, Wenyewe Wengi

Katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka hutolewa nafasi kwa jambo moja la historia lenye faida kwa wasomaji. Safari hii tumechagua historia ya nyumba za ghorofa zinazomilikiwa na watu wengi pamoja, kila mmoja na makao yake, na za halmashauri za majirani wanaozisimamia pasipo mshahara. Wanachama wetu na watoto wao sasa hununua fleti Nairobi na Mombasa, kisha hujikuta wamechaguliwa katika halmashauri hizo kwa kuwa mkutanoni hakuna mwingine aliyeinua mkono. Wengi huingia kazini bila kujua madaraka waliyopewa yalitoka wapi, wala yanakomea wapi.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko ghorofa zetu. Sheria ya Warumi, na ya Waingereza baada yake, ilishika kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichojengwa juu yake. Basi mtu akaaye ghorofa ya tatu ana milki gani? Chini ya miguu yake hapana udongo, ipo dari ya jirani. Watu wa pwani yetu hawakungoja wanasheria wawajibu. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, imekuwapo tangu zamani milki ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na akitaka huiuza nyumba au huirithisha, udongo ukibaki na mwenyewe. Desturi hiyo imewapa maelfu ya watu makao. Lakini imewaacha pia katika hofu ya kuondolewa, na mabenki hayapendi kukopesha juu ya nyumba isiyo na hati ya ardhi. Twaitaja mapema ili ijulikane kwamba wazo la kutenga nyumba na udongo wake halikuletwa kwetu na meli.

Wafaransa walilikabili jambo hili kwa maandishi. Mji wa Rennes uliungua vibaya mwaka 1720, na ulipojengwa upya zikasimamishwa nyumba ndefu ambazo kila ghorofa ilikuwa na mwenyewe. Kanuni za Sheria za Ufaransa za mwaka 1804 zikatenga kifungu kimoja kwa nyumba za namna hiyo. Kuta kubwa na paa zilikuwa juu ya wote, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya ghorofa yake. Sakafu ilikuwa juu ya yule anayeikanyaga. Ngazi ya kufikia ghorofa ya kwanza ilijengwa na mwenye ghorofa ya kwanza. Kutoka hapo kwenda ya pili ilijengwa na wa pili, na kuendelea hivyo hadi juu. Sisi kifungu hicho kinatupendeza, kwa kuwa chaonekana kiliandikwa na mtu aliyewahi kusikia ugomvi wa ngazi. Upungufu wake ni kwamba kilisema nani alipe, kisiseme nani akusanye. Hakikutaja halmashauri, mkutano, wala daftari. Wafaransa walihitaji sheria nyingine, ya mwaka 1938, kisha ya mwaka 1965, kabla wenye nyumba hawajawekwa rasmi katika chama kimoja chenye mkutano wa kila mwaka na msimamizi.

Uingereza ilikwama kwa namna nyingine. Mwaka 1885 mahakama ya rufani ilishika kwamba ahadi ya kutengeneza kitu haimfungi mtu atakayeinunua ardhi baadaye. Maana yake kwa ghorofa ni nzito: jirani wa juu akiahidi kutunza paa, kisha akauza, mnunuzi hana deni na paa. Waingereza wakazunguka kikwazo hicho kwa kuuza fleti kwa hati ya kukodi ya miaka mingi, mara nyingi 99, kwa maana mkodi aweza kufungwa na masharti ya hati yake.

Njia hiyo ndiyo tuliyoirithi Kenya. Mjenzi alichukua kiwanja, akapandisha ghorofa, akamwandikia kila mnunuzi hati ya kukodi ya muda mrefu, kisha akaunda kampuni ndogo ya usimamizi ambayo kila mnunuzi alipewa hisa moja. Nyumba zilipokwisha kuuzwa, mjenzi alipaswa kuikabidhi kampuni kwa wenye hisa pamoja na haki iliyobaki ya ardhi. Penye wajenzi waaminifu mambo yalikwenda vizuri. Penye wengine, hati mama ya kiwanja ilibaki mikononi mwa mjenzi, na wenye fleti wakawa wanalipia mapato ya ardhi wasiyoweza kuionyesha hati yake.

Wakati huohuo dunia nyingine ilikuwa imeshika njia fupi zaidi. Puerto Rico ilitunga sheria ya milki ya ghorofa mwaka 1958. Jimbo la Utah la Marekani lilifuata mwaka 1960, na mwaka 1961 serikali kuu ya Marekani ikakubali kudhamini mikopo ya kununulia nyumba hizo. Mwaka huohuo wa 1961, jimbo la New South Wales huko Australia lilitunga sheria yake, ambayo nchi nyingi za Jumuiya ya Madola zimeiga. Shina la sheria hizi ni moja: mtu hupewa hati kamili ya makao yake, na pamoja nayo fungu lisilogawanyika katika ardhi, ngazi, paa na mabomba, na wenye hati wote, wapende wasipende, huwa chombo kimoja cha kisheria. Mtu hawezi kujiuzulu uanachama ila kwa kuuza nyumba.

Kenya ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1987, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Sheria ya Milki za Vitengo. Ilitumiwa kwa nadra sana. Wajenzi na mawakili walikuwa wamezoea hati zao za kukodi na kampuni zao, nao hawakuona haja ya kuacha njia waijuayo. Mwaka 2020 Bunge lilitunga sheria mpya badala ya ile, ikaanza kutumika Desemba 2020. Hati ndefu za kukodi zilizoandikwa zamani zilitakiwa zigeuzwe zifuate sheria mpya, na muda wa miaka 2 ukawekwa. Mpango wa jengo ukiisha kuandikishwa, shirika la wenye vitengo huzaliwa papo hapo, na kila mmoja huwa na fungu linalohesabiwa kwa kitengo chake. Fungu hilo ndilo linaloonyesha sehemu yake katika mali ya pamoja.

Hapo ndipo inapoingia halmashauri. Wazee wetu wa vyama vya msaada wanaifahamu kazi hii bila kufundishwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kumbukumbu za mkutano, stakabadhi kwa kila shilingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini iko tofauti ambayo mara nyingi husahauliwa. Chamani, asiyelipa ada hukosa msaada wake siku ya msiba, na mambo yakaishia hapo. Katika nyumba ya ghorofa asiyelipa anaendelea kupanda ngazi ileile, taa ya ukumbini inamwakia, na askari wa geti anamfungulia. Tuseme nyumba ina makao 16, na kila moja hutakiwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 80,000. Wanne wasipolipa, 20,000 zimepotea, lakini mshahara wa askari haukupungua, wala umeme wa pampu, wala kuchukua taka. Halmashauri hujaza pengo kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya paa. Hakuna aliyeiba kitu, na hesabu za mwaka zaweza kusomwa mbele ya mkutano bila aibu. Paa tu ndilo lililolipa.

Mwenyekiti wa nyumba ya makao 16 anaishi pia na wale anaowadai. Asubuhi huwapa salamu kwenye ngazi, jioni huwaandikia barua ya deni. Ndiyo sababu watu wema huacha kazi hii baada ya mwaka mmoja, na ndiyo sababu kazi kubwa ya kutengeneza huahirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine.

Kuahirisha huko kwaweza kufika wapi, tumeonyeshwa na jengo la Champlain Towers South, katika mji mdogo wa Surfside karibu na Miami, Marekani. Lilijengwa mwaka 1981, lilikuwa na makao 136, na lilisimamiwa na halmashauri ya wenye nyumba waliojitolea. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia kwamba zege chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea limeharibiwa vibaya na maji yasiyopata njia ya kutoka; gharama ilikisiwa kupita dola milioni 9. Majirani walibishana. Mwaka 2019 wajumbe wengi wa halmashauri walijiuzulu. Aprili 2021 halmashauri iliwaandikia wenzao kwamba uharibifu umeongezeka na sasa zatakiwa dola milioni 15 hivi. Kila mwenye makao alipangiwa fungu lake, kuanzia dola 80,000 na zaidi, na malipo yalikuwa yaanze Julai 1. Jengo lilianguka usiku wa Juni 24, na watu 98 wakafa.

Haitakuwa haki kuwatwika wajumbe wale mzigo wote. Uchunguzi wa serikali ya Marekani umeonyesha kwamba uwanja wa bwawa ulikuwa na kasoro za uhandisi tangu ulipochorwa, na kwamba haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za siku zile. Lakini karibu miaka mitatu ilipita kati ya barua ya mhandisi na usiku ule, nayo ilipita katika mikutano. Mwaka 2022 jimbo la Florida lilitunga sheria ya kulazimisha majengo ya milki ya pamoja yenye ghorofa 3 au zaidi yakaguliwe yakifikia umri, na yaweke akiba ya kutosha kwa paa, nguzo na misingi. Ada zikapanda ghafla, wazee wenye kipato cha uzeeni wakalia, na mwaka 2025 wabunge wakalegeza baadhi ya tarehe.

Ghorofa zilizojengwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimekwisha kupita miaka 40, umri uleule wa jengo la Surfside lilipoanguka. Kwa walio na hati za sheria mpya, shirika lao lina uwezo wa kudai ada kama deni lolote jingine. Kiasi cha ada hiyo, na sehemu yake itakayowekwa kwa ajili ya zege badala ya taa, hupangwa na wenyewe wanapokutana.