Nenosiri liko maktaba, PDF iko mfukoni

Mimi ni mtu wa agronomia, lakini leo nazungumzia wanafunzi wa medesini, ju mlango waliofunguliwa wao njo sisi pia tulifunguliwa mwaka uliofuata.

Tangu Lovanium ya 1954 hadi UNAZA, na vyuo vilivyotoka ndani yake 1981, medesini Kongo ilisomwa kwa kitabu cha karatasi na silabusi ya profesa. Kisha fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, mpaka mchoro wa moyo unakuwa doa jeusi tu.

1997 Marekani walifungua PubMed bure kwa dunia yote. Vizuri, lakini mara nyingi unapata kichwa na muhtasari. Makala yenyewe inauzwa, na bei yake inapita mfuko wa mwanafunzi.

Januari 2002, OMS na wachapishaji 6 wakubwa wakaanzisha HINARI: majarida ya afya karibu 1,500, bure kwa vyuo vya nchi maskini zaidi, Kongo ndani. 2003 FAO ikatuletea sisi AGORA. Shida iko hapa: nenosiri linapewa chuo, halipewi mtu. Basi unamtafuta mtunza maktaba, naye anangojea kurani irudi. Tena makala nyingi ni za Kiingereza, na sisi tunasoma kwa Kifaransa.

Njo maana telefone ilishinda. PDF ukiisha kuipata, inapita kwa Bluetooth, kwa flashi, bila mega, bila nenosiri. Intaneti ilipokatwa tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, karibu siku 20, mwenye vitabu ndani ya telefone aliendelea kusoma.

Lakini karatasi ikichakaa unaiona. Faili ya 2008 inang'aa kama ya jana. Chukueni malaria kali ya watoto. Zamani dawa ya kwanza ilikuwa kinini. Novemba 2010 ukatoka utafiti AQUAMAT: watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo pia. Waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate ya sindano, asilimia 8.5. 2011 OMS ikabadilisha pendekezo lake kwa watoto. Watoto wa kwetu walikuwa ndani ya utafiti ule, na mwanafunzi wa kwetu mwenye PDF ya zamani angali anakariri kinini.

Wenzetu wa medesini, kule kwenu nenosiri la maktaba liko kwa nani?