Kifungu nilichokipenda ndicho kilichoniponza

Nimepotea kidogo, semina zimebana kweli. Ila ya wiki hii lazima niwasimulie.

Mhadhiri wetu wa historia alitugawia karatasi yenye vifungu viwili kuhusu Vita vya Majimaji (1905–1907). Majina ya waandishi kayaficha. Kazi yetu: onyesha nani anaegemea upande, na umejuaje. Nikasema moyoni, huu mteremko!

Kifungu cha kwanza kilidai chanzo cha vita ni waganga waliowadanganya watu wa kusini kwa dawa. Nikakizungushia wino mwekundu papo hapo. Na nilipatia, maana ulikuwa mtazamo wa Graf von Götzen, gavana wa Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, aliyetoa kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Sasa jiulizeni, yeye anafaidika nini? Mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kulima yalianzishwa chini ya utawala wake. Chanzo kikiwa pamba, kodi na viboko, mkosaji ni yeye. Chanzo kikiwa maji ya Kinjekitile wa Ngarambe, mkosaji ni ushirikina. Na wala hakuhitaji kubuni kitu: maji yalikuwepo kweli, Kinjekitile naye alinyongwa kweli Agosti 1905. Ujanja uko kwenye kuchagua hadithi ianzie wapi.

Kifungu cha pili, jamani, nilikipenda. Kilisema Watanganyika wote waliungana kama mtu mmoja kumfukuza mkoloni. Hayo ndiyo niliyobukua tangu sekondari. Nikaandika kwa kujiamini: "Hakina upendeleo."

Kwenye semina dada mmoja wa Iringa akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, sisi Wahehe humu mmetuweka wapi?"

Kimya.

Ukweli ni kwamba Wahehe wengi walipigana upande wa Wajerumani, na Wasangu wa Merere vilevile. Halafu mhadhiri akamalizia: mwaka 1905 hakukuwa na Mtanganyika hata mmoja. Nchi ilipewa jina hilo mwaka 1920, chini ya Waingereza. Neno moja tu lilitosha kuonyesha kwamba mwandishi aliandika baadaye, nchi changa ikitafuta hadithi ya umoja. Nilipitisha macho juu yake mara tatu bila kushtuka, kwa sababu alikuwa upande wangu.

Msinielewe vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda vijijini mwaka 1968 na 1969 kuwasikiliza wazee walifanya kazi kubwa. Bila wao tungebaki na maneno ya gavana tu. Lakini sifa hiyo haimpi mwandishi yeyote ruhusa ya kumfuta dada yetu wa Iringa.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu. Wazungu waliokufa wanajulikana mmoja mmoja: 15. Waafrika? Serikali ya Kijerumani ilisema 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni watu wengi kuliko wale 75,000 wenyewe, na hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao. Kwa hiyo ukikuta kifungu kinasema "njaa iliingia", simama hapo hapo. Njaa haikuingia yenyewe. Mashamba na maghala yalichomwa, na aliyechoma yupo.

Siku hizi kabla sijashika kalamu najiuliza: hadithi imeanzia wapi? Nani kaachwa nje? Nani kahesabiwa? La mwisho ndilo gumu: mbona nimekubali haraka hivi?

Nimepata 9 kwa 20. Zimeniuma, lakini ni halali yangu. Haya, tuonane wiki ijayo, supu zikituacha salama!