Washangiliaji wa Mpira

Mpira wa miguu huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Lakini aliyewahi kuingia uwanjani ajua ya kuwa wako na wengine, wasiougusa mpira kamwe, ambao bila wao mchezo hupooza. Hao ndio washangiliaji. Basi, msomaji, na tuitazame historia yao.

Huko Marekani kushangilia kumefanywa kazi ya kufundishwa. Mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza kupaza sauti kwa pamoja. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer alianzisha kambi ya kuwafunza vijana kazi hiyo. Mwaka 1972 klabu ya Dallas Cowboys ikaunda kikosi cha wanawake wenye kucheza ngoma, waliochaguliwa kwa kushindanishwa na kuzoezwa kwa bidii.

Ukifika Kondele, mjini Kisumu, hutakuta kambi kama hizo. Lakini usidhani kwamba ushangiliaji wa huko hauna shule; shule yake ni desturi. Tangu zamani Wajaluo wana pakruok, yaani kujisifu hadharani. Nyatiti yenye nyuzi nane inapopigwa, mtu hutoa fedha ili mwimbaji anyamaze, naye ajitapie ukoo na marafiki zake kwa maneno ya mafumbo. Klabu ya Gor Mahia ilipoundwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ufundi huo wa kusifu uliingia nayo uwanjani. Mmoja huanzisha wimbo, maelfu waliovaa kijani huitikia. Mwaka 1987 walipata la kuimbia: klabu yao ilitoka sare na Espérance ya Tunisia, 2-2 mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini.

Hata hivyo, umati ni kama moto: hupika chakula, nao huteketeza nyumba. Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu walisongamana mlangoni, na saba wakafa. Hawakuuawa na adui. Walikanyagwa na wenzao, waliokuja kutazama mchezo ule ule.

Hapo yafaa tukumbuke jinsi alivyosimama yule mwanafunzi wa Minnesota. Aongozaye washangiliaji huupa mchezo kisogo, akawaelekea watu. Haoni bao likifungwa, bali huona aliyebanwa, aliyeanguka, na mtoto aliyepotea. Nawe, kijana, ukijaliwa sauti ya kuanzisha wimbo ukaitikiwa na maelfu, jua kwamba sauti hiyo hiyo yaweza kuwaambia, "Ngojeni, kuna mtu chini." Mafunzo ya kwanza ya mshangiliaji ni hayo, na hayahitaji kambi.