Ijumaa Mbili za Buffalo

Watu wa Buffalo hawahesabu miaka kama watu wengine. Muulize mzee alioa lini, atakwambia mwaka mmoja baada ya Sabini na Saba. Mtoto wa jirani alizaliwa Oktoba ile miti ilipokatika. Nami nimeshaambukizwa: gari nililonalo nililinunua baada ya Krismasi ile, na hapa mjini hakuna anayeuliza Krismasi ipi.

Nilizaliwa Baraka, Fizi, huko Kongo, mahali ambapo ukifungua mlango unaliona Ziwa Tanganyika. Vita vikatuvusha hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nikakulia huko, na Januari 2013 tukashuka kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo, jimbo la New York, tukiwa na makoti ya kupewa. Wiki chache baadaye tulipelekwa kuliona ziwa la huku, Erie. Nikaona uwanja mweupe usio na mwisho, nikauliza ziwa lenyewe liko wapi. Nikaambiwa ndilo hilo, limeganda.

Nililidharau. Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400. Utotoni tuliamini halina chini. Erie, pale penye kina kirefu kuliko pote, ni mita 64, na kwa wastani ni 19 tu. Kumbe ukorofi wake unatokana na ufupi huohuo. Maji machache hupata joto upesi kiangazi kikija, na huganda upesi baridi ikikaza. Katikati ya majira hayo, Novemba na Desemba, ziwa bado lina uvuguvugu ilhali upepo unaokuja umeshakuwa wa baridi kali. Ukipita juu ya maji unabeba mvuke, mvuke unakuwa wingu, na wingu likifika nchi kavu linamwaga theluji. Tena Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, kilomita 390 hivi, na Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki, pepo zinakomalizia safari. Ziwa likishaganda lote, mvuke unakosa njia ya kutoka, na watu wa mji wanashusha pumzi. Mwaka 1977 walishusha pumzi mapema mno.

Habari za mwaka huo sikuzitoa kitabuni. Mtaa wetu, West Side, ulikuwa wa Waitaliano kabla haujawa wa watu wa Puerto Rico, kisha tukaja sisi: Wakongo, Warundi, Wasomali, watu wa Myanmar. Nyumba ya pili kutoka kwangu alibaki bibi mmoja wa Kiitaliano ambaye hakuhama na wenzake. Mimi nilimwita Bibi. Oktoba yangu ya kwanza alinishika mkono akaniteremsha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, kunionesha rafu. Palikuwa na chupa za nyanya alizosindika mwenyewe, maharage ya makopo, unga, mishumaa, viberiti ndani ya mtungi wa kioo, tochi, redio ya betri, madumu manne ya maji, mfuko wa chumvi ya kumwaga kwenye ngazi barafu ikishika, na blanketi la sufu lisiloruhusiwa kuguswa siku nyingine yoyote. Nikamwambia kwetu pia tunaweka akiba, dagaa wakavu na unga wa muhogo. Akasema vizuri, dagaa hawahitaji friji.

Halafu akanionesha kitu ambacho sikukitegemea: mkoba wa ngozi uliochakaa, ukining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Ndani kulikuwa na soksi nzito jozi mbili, nguo za ndani, mswaki, biskuti na kichupa cha vidonge. Tangu 1977 hadi alipostaafu, Bibi hakuwahi kwenda kazini siku ya baridi bila mkoba huo.

Ijumaa ya kwanza ni tarehe 28 Januari 1977. Ziwa lilikuwa limeganda katikati ya Desemba, mapema kuliko kawaida. Toka Krismasi theluji ilianguka karibu kila siku, ikatanda juu ya barafu ya ziwa, kavu na nyepesi kama unga wa sembe. Gesi ya kupashia nyumba joto ilikuwa haba, shule na viwanda kadhaa vilifungwa ili kubana matumizi. Mjini, magreda yalishindwa kumaliza mitaa, magari yakawa yameegeshwa ovyo katikati ya malundo. Kisha asubuhi ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri, upepo ukaingia.

Hapa ndipo hesabu inapowashangaza wageni. Theluji mpya iliyoanguka katika siku zile za dhoruba ilikuwa kama sentimita 30 tu, kiasi ambacho Buffalo hukisukuma kando na maisha yakaendelea. Iliyoufukia mji ilitoka ziwani. Upepo uliovuma hadi kilomita 111 kwa saa uliinua ule unga wa mwezi mzima kutoka juu ya barafu ukaumwaga barabarani, na penye kizuizi malundo yalipanda hadi mita 9. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wana kipimo cha kuipa dhoruba jina la blizadi: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, macho yasione mbele ya mita 400, na hali hiyo idumu saa 3. Kipimo hicho hakiulizi popote theluji imeanguka kiasi gani.

Bibi alikuwa kazini, muuzaji katika duka la viatu katikati ya mji. Aliniambia alikuwa anamvisha mteja kiatu cha mguu wa kushoto, akainua macho dirishani, na jengo la ng'ambo ya barabara halikuwepo. Mteja hakupata kiatu cha kulia mpaka Jumatatu. Walilala dukani wote, juu ya maboksi, wakijifunika mapazia, na maelfu ya wengine walilala hivyohivyo maofisini, viwandani na kwenye vituo vya polisi. Mmoja wa wafanyakazi wenzake alikataa kubaki. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Bibi hakunimalizia habari ya mtu huyo, nami sikumuuliza.

Watu 29 walikufa katika dhoruba ile, kadhaa wao wakakutwa ndani ya magari yaliyofukiwa. Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya janga, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo serikali kuu ya Marekani kuita theluji janga. Wanajeshi wakaletwa kuchimbua barabara, theluji nyingine ikapakiwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa mbali. Kwenye bustani ya wanyama, kulungu watatu wa nchi za barafu walipanda lundo lililofikia kimo cha ua, wakavuka, wakaenda zao kutembea mjini. Mwaka huohuo mtu akatengeneza mchezo wa ubaoni wa dadu kuhusu dhoruba ile, na ukauzwa. Ndivyo walivyo watu wa hapa. Hata meya wao Jimmy Griffin, ilipokuja dhoruba ya Januari 1985, aliwashauri wakae ndani na bia zao na kutazama mpira, na wanaomkumbuka hadi leo wanamkumbuka kwa hilo kuliko barabara alizojenga.

Dhoruba zilizofuata kila moja ilikuja na sura yake. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Oktoba 2006 theluji nzito, yenye maji, ilianguka wakati miti ingali na majani. Matawi yakakatika kwa maelfu yakaangukia nyaya, na mamia ya maelfu ya nyumba na biashara zikakosa umeme, nyingine kwa zaidi ya wiki. Novemba 2014 nilikuwepo. Niliegemea ukuta wa nyumba yangu kwenye jua, nikatazama kusini nikaona wingu limesimama wima kama ukuta wa kambi. Ndani ya wingu lile, Lackawanna, Hamburg na West Seneca, theluji ilipita mita 1.5, kwingine ikakaribia 2, mapaa yakabomoka, magari yakakwama kwenye barabara kuu. Kwangu ilianguka ya kupaka viatu rangi. Kosa langu lilianzia hapo. Nilijiambia kwamba West Side ni mahali salama.

Ijumaa ya pili ni tarehe 23 Desemba 2022.

Hakuna anayeweza kudai hakuambiwa. Utabiri ulitangazwa siku kadhaa kabla, na ulikuwa wa kweli. Rafu yangu ilijaa. Bibi alikuwa ameshafariki, lakini angeikagua angeipitisha. Ila mahali ninapofanya kazi, ambapo sitapataja, walituma ujumbe Alhamisi jioni kwamba zamu ya asubuhi iko palepale na asiyefika atakatwa. Nikatoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Mvua, na joto la nyuzi kadhaa juu ya sifuri! Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Baridi ilifika asubuhi ileile, na ilifika kama mtu aliyepiga mlango teke. Maji ya mvua yaliyokuwa barabarani yakawa kioo, juu yake theluji, juu ya theluji upepo. Marufuku ya kuendesha magari ilianza saa tatu na nusu asubuhi, na ilitangazwa chini ya saa moja kabla yake, wakati watu wa zamu ya asubuhi tulikuwa tumeshasimama kwenye mashine. Sisi tuliachiwa saa tano. Nilifika kwa kusota, dirisha la upande likiwa wazi ili niuone ukingo wa barabara, hadi mtaa wa nne kutoka kwangu, gari likazama kwenye lundo lisilokuwepo nilipopita asubuhi.

Nilizima injini, maana ekzosi ikizibwa na theluji moshi hurudi ndani na kukulaza usingizi usioamka. Nikashuka. Nilishika ua wa chuma wa nyumba iliyo karibu nikaenda nikihesabu nguzo kwa mkono, kwa sababu sikuuona mkono wenyewe. Kope zilishikana kwa barafu. Ua ulipokwisha, kulikuwa na barabara ya kuvuka, pengine hatua 12. Nikasimama pale. Nikaona siwezi kuvuka hatua 12. Nikarudi nguzo kwa nguzo hadi kwenye ngazi, nikagonga.

Walinifungulia watu nisiowajua, mama mmoja mweusi wa hapahapa na wanawe wawili wakubwa. Alinivua koti, akanitia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, si ya moto, akaniambia niache kuomba radhi. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika tano. Ulinichukua siku mbili. Mkoba wa Bibi, ambao mwanawe alinipa baada ya msiba, ulikuwa nyumbani kwangu nyuma ya mlango, na jozi zote mbili za soksi ndani yake.

Nyumbani umeme ulikatika usiku wa kwanza, na bila umeme kipasha joto cha gesi hakiwaki. Mke wangu aliwakusanya watoto chumba kimoja, akatundika blanketi mlangoni, akaacha bomba linadondoka ili maji yasigande yakapasua paipu. Jirani wa ghorofa ya juu, dada wa Kirundi aliyefika mwaka ule, alitaka kuingiza jiko la mkaa. Mke wangu alimzuia mlangoni. Akamweleza moshi usioonekana unavyoua waliolala, akamleta yeye na wanawe chumbani kwetu, wakawa 9.

Blizadi ilidumu saa 37 mfululizo. Uwanja wa ndege ulipima sentimita 132 za theluji. Ziwa safari hii halikuwa limeganda, na mawimbi yake yakazivika nyumba za ufukweni Hamburg barafu kuanzia paa hadi msingi. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa na magreda yenyewe yalikwama. Katika kaunti ya Erie walikufa watu zaidi ya 40: ndani ya magari, njiani kwa miguu, kwenye nyumba zisizo na joto, wakichota theluji, wakisubiri gari la wagonjwa. Waliokufa jijini, wengi wao walikuwa watu weusi.

Kati ya Ijumaa hizo mbili kuna karibu miaka 46. Mwaka 1977 walioganda njiani walikuwa wametoka kazini bila kujua kinachokuja. Mwaka 2022 tulijua saa, tulijua kasi ya upepo, tulikuwa na simu mfukoni zinazolia onyo, na bado tulikuwa kazini. Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu uchache wa magreda. Sawa, yaongezwe. Lakini mimi gari langu halikukwamishwa na uchache wa greda. Lilikwamishwa na kutoka nyumbani saa kumi na moja.

Wageni wetu wanaofika sasa kutoka Nyarugusu hunipigia Oktoba kuniuliza wanunue beleshi la aina gani. Nawaambia la plastiki, lenye mpini uliopinda, mgongo utawashukuru. Wakimaliza hilo, nawaomba wakamuulize msimamizi wao wa zamu, kabla theluji ya kwanza haijaanguka, siku ya marufuku mshahara unakatwa au haukatwi. Nawe kama umefika juzi, kamuulize wiki hii, na jibu mwombe akupe kwa maandishi.