Daka, hodi na sitara: adabu iliyojengwa kwa chokaa

Mlango wa nyumba kongwe ya mawe ya Lamu ukiachwa wazi, mpita njia haambulii kitu. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye paa na viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Ukilivuka daka unaingia tekani, ujia mfupi unaokata kona kabla ya kutokea kiwandani, yaani ua wa ndani. Kona hiyo mafundi wa karne ya 18, waliojenga kwa matumbawe na chokaa, waliikusudia.

Iliwaepusha watu na neno “hapana.” Mgeni asiyezoeleka alimaliza maneno yake dakani na kwenda zake, asijue kama amenyimwa kuingia au la. Mfanyabiashara wa ng’ambo aliyeletwa na upepo wa kaskazi aliweza kukaa miezi akingoja kusi imrudishe. Huyo alikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na wenye nyumba.

Hodi nayo ina kanuni zake. Surat an-Nur, aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila idhini, na hadithi ya Mtume ikaweka ukomo wa mara tatu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu huondoka wala halaumu. Pengine mwenyeji yumo ndani na hana hata kahawa ya kumpa. Hayo hayamhusu mgeni.

Lakini sitara haikugawiwa sawasawa. Karne ya 19 bibi wa kiungwana alitembea Lamu akiwa ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoinuliwa kwa fito na watumwa wake. Aibu ya kuonekana ilikuwa ya bibi. Aliyeshika ufito, jua likimpiga usoni, alihesabiwa hana cha kuficha. Wanaosifu uungwana wa zamani hupenda kuiruka sehemu hii.

Unguja, kwenye Mji Mkongwe, baraza liko nje kabisa, limeshikana na ukuta wa njia. Anayepita humsalimu aliyeketi, na mvua kubwa ikijaza vichochoro watu hupita juu ya baraza. Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, ziliyatia mabaraza hayo doa. Wafuasi wa vyama vya Afro-Shirazi na Hizbu walianza kususiana madukani, hata mazikoni, na kukaa pamoja kukawa kauli ya chama. Aliyetaka kuficha msimamo wake hakuwa na tekani ya kujikunjia: alioketi nao, na aliowapita bila salamu, mtaa mzima uliwaona.