Wanafunzi Walipoondoka Gombe: Historia ya Staji Iliyovunjika Mwaka 1975

Kila mwaka wanafunzi wa sayansi ya mazingira hapa Bujumbura huhangaika kutafuta mahali pa kufanyia staji. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja alipata nafasi mwaka jana. Kwa miezi miwili alitoa fotokopi na kupeleka barua, na mara moja tu alipanda mashua kwenda kuchota maji ya ziwa ili yapimwe. Aliporudi alinitania: "Na wewe unayesoma Kiswahili, staji utaifanyia wapi? Sokoni?" Nilicheka, lakini swali lake lilibaki moyoni. Insha hii ni jibu langu. Inaeleza habari za wanafunzi waliokwenda kujifunza Gombe, kwenye ufuko wa ziwa letu hilihili la Tanganyika, na yaliyotokea walipoondoka. Hoja yangu ni kwamba waliohitimu kwa kweli katika staji ile ni watu ambao hawakuitwa wanafunzi, na kwamba waliiandika elimu yao kwa Kiswahili.

Gombe iko kaskazini kidogo ya Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Jane Goodall alifika huko tarehe 14 Julai 1960, akiwa ametumwa na Louis Leakey kuchunguza sokwe. Wakati huo hakuwa na shahada yoyote. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akitumia bua la nyasi kuvulia mchwa kichuguuni, jambo lililowafanya wataalamu wafikiri upya kuhusu tofauti ya binadamu na mnyama. Gombe ikawa kituo cha utafiti, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Goodall alikuwa pia akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa ushirikiano na Profesa David Hamburg, mpango ulianzishwa wa kuwapeleka Gombe wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakae kwa miezi kadhaa. Kazi yao ilikuwa kumfuata sokwe mmoja tangu anapotoka kiotani asubuhi hadi anapojenga kiota kingine jioni, wakiandika yuko wapi, yuko na nani na anakula nini. Hii ilikuwa staji ya kweli, kwa kuwa mwanafunzi alipewa daftari na kile alichokiandika kilitumika. Craig Packer, aliyekwenda Gombe kuchunguza nyani akiwa mwanafunzi wa Stanford, baadaye alijulikana duniani kwa utafiti wake wa simba wa Serengeti.

Hata hivyo, wanafunzi hawa hawakutembea peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti mmoja kijana alianguka kwenye genge akiwa anamfuata sokwe, akafa. Baada ya hapo wenyeji wa vijiji vya jirani waliajiriwa ili kila mtafiti awe na mwenzake msituni. Kwenye karatasi waliitwa wasaidizi. Lakini wao ndio walioijua njia ya kushuka bondeni mvua inaponyesha, na ndio walioyajua majina ya miti. Mpaka leo maandishi ya Gombe huutaja mti mmoja ambao sokwe hupenda matunda yake kwa jina la wenyeji, mbula. Mwanafunzi alimfundisha msaidizi kujaza fomu kwa kufuata saa, na msaidizi akamfundisha mwanafunzi kuona. Tarehe 7 Januari 1974 mmoja wa wasaidizi hao, Hilali Matama, aliona kundi la sokwe likimshambulia dume aliyeitwa Godi mpaka likamwacha hoi. Huo ulikuwa mwanzo wa kile kilichoitwa vita vya sokwe vya Gombe. Aliyevishuhudia kwanza hakuwa mtu wa chuo kikuu.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao arobaini wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire. Walikuwa wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichokuwa na ngome yake katika milima ya Fizi. Waliwakamata vijana wanne, watatu kutoka Stanford na mmoja Mholanzi, wakavuka nao. Watanzania walipita gizani kutoka nyumba hadi nyumba kuwaonya wengine wajifiche. Mateka mmoja aliachiwa baada ya siku chache ili apeleke madai, na wa mwisho aliachiwa mwezi Julai. Wote walirudi wakiwa hai, lakini mpango wa Stanford ulikufa. Watafiti wa kigeni waliondoka, na kwa muda mrefu Goodall mwenyewe aliweza kwenda Gombe kwa ziara fupi tu.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba utafiti nao ulikwisha. Haukwisha. Wasaidizi waliamka kesho yake wakaenda msituni kama kawaida. Waliendelea kuwafuata sokwe, kujaza fomu na kuandika maelezo marefu ya yale waliyoyaona, na waliandika kwa Kiswahili. Mwezi Septemba mwaka huohuo sokwe jike mzee aliyeitwa Madam Bee alishambuliwa na kufa. Tunajua habari zake kwa sababu wao walikuwepo. Sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu mwisho wa vita vile ilipitia kwanza katika daftari la Kiswahili, ndipo ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu hizo baadaye zilipelekwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota na kisha Duke, na watafiti bado wanazisoma.

Hapa kuna jambo linalonisumbua. Wale waliokuja kwa miezi kadhaa, wengi wao walipata shahada na majina. Wale waliobaki kwa miaka mingi walitajwa hasa kwenye kurasa za shukrani. Siwalaumu wanafunzi wale, kwani walikuwa vijana kama sisi, na wanne kati yao walilipa gharama kubwa. Ninachosema ni kwamba mpango uliandikwa kana kwamba mwanafunzi ni mmoja, na kumbe walikuwa wawili.

Kwa kuhitimisha, historia ya Gombe inatuachia mambo mawili. Kwanza, staji ya mazingira haiwi staji kwa kupigwa muhuri. Inahitaji daftari, muda, na mwenyeji anayeijua ardhi. Rafiki yangu alijifunza mengi zaidi kwa mvuvi aliyemwendeshea mashua siku ile moja kuliko kwa miezi miwili ya ofisini, ingawa ripoti yake haikumtaja mvuvi huyo. Pili, Kiswahili kimekuwa lugha ya sayansi kwenye ziwa hili tangu kabla sisi hatujazaliwa. Maelfu ya kurasa yaliandikwa na watu waliotazama kwa makini na kusema walichokiona. Kurasa hizo zinahitaji wasomaji wanaokijua Kiswahili vizuri. Basi rafiki yangu akiniuliza tena staji nitaifanyia wapi, nitamwambia naitafuta huko, katika madaftari ya Gombe.