Hospisi ya nyumbani na hospisi ya kulazwa

Hospisi ni huduma anayopewa mgonjwa ambaye tiba ya kuyaondoa maradhi yake imefika mwisho, pamoja na jamaa wanaomuuguza. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hofu na upweke katika muda uliobaki. Ni sehemu ya tiba shufaa, kama inavyoitwa Tanzania tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, ambayo yenyewe huweza kuanza mapema, mgonjwa akiwa bado anapata mionzi au dawa za saratani. Hospisi hutolewa kwa njia mbili: wahudumu kumfuata mgonjwa nyumbani, au mgonjwa kulazwa penye wauguzi usiku na mchana. Familia nyingi huuliza, "Tumpeleke hospisi au tumrudishe nyumbani?" kana kwamba hospisi ni jengo. Afrika Mashariki hospisi nyingi hazina vitanda vya kulaza, kwa hiyo kumrudisha nyumbani na kumwandikisha hospisi mara nyingi ni jambo moja.

Hospisi ya kisasa ilianza na vitanda. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's jijini London mwaka 1967, na miaka miwili baadaye wauguzi wake wakaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Afrika ilianzia upande wa pili. Island Hospice ya Harare (1979), Nairobi Hospice (1990) na Hospice Africa Uganda, aliyoiasisi daktari Anne Merriman mwaka 1993, zote zilitegemea sana ziara za nyumbani. Vitanda ni ghali, na wagonjwa wengi hutaka kufia kwao.

Kilichowezesha huduma hiyo ya nyumbani ni mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Unga wa mofini huchanganywa na maji kwa gharama ndogo. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia hufanywa mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika dawa hiyo, na ikaweza kuwafikia watu wa vijiji visivyo na daktari. Mofini hufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha huenda sambamba nayo. Uganda hutumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Hofu kwamba mgonjwa "atazoea" imewaacha watu wengi katika mateso yasiyo ya lazima. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha maumivu, haimgeuzi mtu kuwa mraibu, wala haimharakishii kifo. Ndiyo maana swali la kwanza la familia linapaswa kuwa kama mofini inapatikana, na nani ataileta ikiisha. Nyumba isiyo na dawa ya maumivu si mahali pa kumrudisha mgonjwa wa saratani, hata awe amezungukwa na upendo wa namna gani.

Baada ya dawa huja mikono. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo vidonda vya kulala huanza makalioni na visiginoni. Kuna kumwogesha, kubadilisha nepi, kufua shuka, kumnywesha kijiko kwa kijiko. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, choo kikiwa uani na maji yakinunuliwa kwa ndoo, kazi hiyo humwangukia mtu mmoja, mara nyingi mke au binti. Hapo pana dhuluma ya kimya: uamuzi hutolewa na ndugu walio mbali wanaotuma fedha, na anayekesha haulizwi. Yeye aulizwe kabla yao. Na kabla ya wote aulizwe mgonjwa, jambo lisilowezekana ikiwa amefichwa hali yake. Wengi huficha kwa huruma, lakini aliyefichwa hukosa nafasi ya kuagana, kulipa deni, kutoa wosia na kusema azikwe wapi.

Kulazwa hufaa pale maumivu yanapokataa kutulia, matapishi hayakomi, damu inatoka, mgonjwa amechanganyikiwa na hatulizwi, au miguu imekufa ganzi ghafla kwa mtu mwenye saratani iliyofika uti wa mgongo; hali hii ya mwisho ni ya dharura. Vituo vya hospisi vyenye vitanda, kama Kimbilio cha magharibi mwa Kenya, ni vichache; kwingine kazi hiyo hufanywa na wodi za hospitali. Mgonjwa huweza pia kulazwa siku chache ili anayemuuguza alale. Marekani bima ya Medicare huutambua uchovu huo na hulipia mapumziko ya siku zisizozidi 5 mfululizo. Kulazwa si kumtupa mgonjwa, na maumivu yakitulia anaweza kurudi kwake.

Saa za mwisho ndizo huvuruga mipango mingi. Mgonjwa huacha kula, miguu hupoa, pumzi hukatika kisha hurudi, koo hukoroma. Asiyeelezwa huona mtu anakabwa. Teksi hukodiwa usiku, na mgonjwa akafia njiani au kwenye benchi la mapokezi. Muuguzi mzuri wa hospisi husimulia dalili hizi mapema, hukataza kumlazimisha uji unaoweza kumpalia, huonyesha namna ya kulowanisha midomo kwa pamba, na huacha namba ya kupigiwa. Nyumbani pana nafasi ya mambo ambayo saa za kutazama wagonjwa hospitalini huyabana: Mwislamu kutamkishwa shahada na watu wake, Mkristo kuimbiwa nyimbo za kanisani kwake, wajukuu kuingia na kutoka.

Baada ya mazishi hospisi nyingi hurudi kuwatazama wafiwa. Chupa ya mofini iliyobaki hukabidhiwa wahudumu siku hiyo ya ziara.